Kiwiko cha Kushoto

Tulikuwa watano na feni moja, nayo mbovu,
chumbani kwa Rosalind, ghorofa ya nne, Yonkers,
juu ya duka la kufulia nguo lisilolala.
Joto la Juni lilitukalia kifuani kama mdai.
Thaddeus, fundi wa mabasi aliyestaafu, alikuja na tai.
"Sherehe ni sherehe," alisema, "hata ukiitazama kwenye kioo."
Pizza mbili. Soda iliyokwisha gesi.
Mto mmoja wa kugombewa.

Hutatuelewa kama hujawahi kupanga foleni
alfajiri ya Februari, barafu ikikung'ata vidole vya miguu,
upate kiti cha bei ya chini nyuma ya nguzo.
Mimi mara tisa. Rosalind kumi na nne.
Mchezo wenyewe? Wanawake wa kiwanda cha vifungo
wanagoma, wanaimba, wanafungiwa mlango.
Magazeti yalisema umepwaya.
Ukipenda, chongo huita kengeza,
na sisi tuliita kengeza, tena mbele za watu.

Aliyetuteka si nyota wa kwenye mabango.
Ni Odalys Brandt, mshonaji wa saba,
safu ya tatu, kushoto,
hana hata sentensi moja ya kusema.
Ila mwisho wa wimbo wa mgomo, wenzake wakishanyamaza,
taa zikizimwa moja moja,
sauti yake hubaki hewani,
nyembamba, uzi ambao mtu amesahau kuukata.
Sekunde kumi na moja.
Thaddeus huzihesabu kwa saa ya marehemu mkewe.

Basi, televisheni.
Mshereheshaji akatania. Hatukucheka.
Pazia likafunguka,
Rosalind akanishika mkono, kucha zikaniachia alama.
Wimbo walikuwa wameukata, ubeti wa pili haupo,
mdundo wameukimbiza kana kwamba kuna treni ya kuwahi,
lakini ni wao! Aproni zile zile za kijivu,
ngazi ile ile yenye kipago kilichovunjika!
Imke akapiga yowe, mbwa wa jirani akamjibu.

Sauti zikapungua.
Taa ya kwanza. Ya pili.
Thaddeus akainua mkono kutazama saa.

Kamera ikageuka.
Ikaenda ukumbini, kwa bwana mmoja wa filamu, meno tele,
anapiga makofi kabla ya wakati,
na makofi yakazaa makofi,
uzi wetu ukamezwa,
halafu tangazo la bima ya magari.

Kiatu cha Imke kiliruka, kikaangusha ua la plastiki.
"Wezi!" akasema Prakash,
mtu ambaye hata chai ikimwunguza huisamehe.
Rosalind hakusema kitu. Alichukua rimoti,
akarudisha nyuma, picha kwa picha,
mpaka pale, ukingoni mwa kioo,
kabla kamera haijahama,
kikaonekana kiwiko.
Kimeinuka kidogo tu,
kama cha mtu anayevuta pumzi.
"Ndiye."
"Umejuaje?"
"Nitakosaje kujua?"

Tukasogea, watu wazima watano,
magoti kwenye zulia lenye makombo,
mbele ya kiwiko.
"Zima sauti," akasema Thaddeus,
ingawa picha iliyosimama haina sauti ya kuzima.
Hakuna aliyeimba. Tungeliharibu.
Akahesabu kimya kimya, midomo ikicheza,
na chini yetu mashine zikazungusha mashuka ya watu,
na feni ikakwama, ikaendelea,
na mimi nikausikia, naapa,
ulipoanzia hadi ulipokatika.
"Kumi na moja," akasema.
Ndipo akalegeza tai.

Tuzo walipewa wengine.
Nililipata hilo kesho yake, kazini, ndani ya lifti,
nikaitikia kwa kichwa
kama mtu anayeambiwa kwamba mvua imenyesha
katika mji asiokuwa na ndugu.